Mvuke si moshi: Jina la bendi lilivyomficha mwimbaji wake

MAJUMA mawili yaliyopita nilikuwa ndani ya matatu nikirejea Nairobi kutoka Naivasha. Redio ilikuwa juu, kama ilivyo ada ya matatu zetu. Mtangazaji, ambaye sitamtaja kwa kuwa sina ugomvi naye, alicheza wimbo mkongwe wa Kimarekani uitwao "Na Na Hey Hey Kiss Him Goodbye". Utingo aliudaka pale pale. Hakuyajua maneno ya beti, wala sidhani alijali. Kilipofika kiitikio alipiga mlango wa gari kwa kiganja na kuimba kama aliyeutunga yeye.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akatupa historia yake. "Hawa jamaa," alisema, "walijiita Moshi kwa sababu usiku huo walitoka studio wakaona moshi unatoka chini ya barabara. Na hawakuwahi kutoa ngoma nyingine ya maana."

Nikaguna. Kijana aliyeketi kando yangu akatoa kidude kimoja cha kusikilizia muziki sikioni na kunigeukia.

"Vipi mzee, hiyo ngoma haikubambi?"

"Ngoma naipenda," nikamjibu. "Ila si moshi. Ni mvuke."

Akacheka. "Sasa mwalimu, si yote ni hewa tu?"

Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu. Labda ni huko kuguna. Lakini swali lake nililibeba hadi nyumbani, na leo naomba ridhaa yako msomaji nilijibu hapa kwa mapana, maana ndani ya hilo jina moja la bendi mna suala la lugha, suala la sanaa na suala la haki. Na mna jambo langu mwenyewe ambalo nitaliungama kabla sijaweka kalamu chini.

Tuanze na lugha. Bendi hiyo iliitwa Steam. Kwa Kiswahili hilo ni neno mvuke, wala halina utata. Moshi hutoka kwa kitu kinachoungua. Mvuke hutoka kwa maji yaliyochemka. Wahenga waliponena kuwa pafukapo moshi hapakosi moto, hawakuwa wakizungumzia sufuria ya chai. Mkenya hana udhuru wa kuyachanganya maneno haya mawili, kwa sababu tangu mwaka 1981 tunazalisha umeme kutokana na mvuke unaotoka ardhini kule Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha. Ukiona yale mawingu meupe yakipanda angani, hapana kinachoungua pale. Ni maji na joto. Anayesema Olkaria inatoa moshi anaituhumu kwa kosa lisilo lake.

Na huko New York mambo ni yale yale. Tangu mwaka 1882 mvuke umekuwa ukisukumwa kwenye mabomba yaliyopita chini ya barabara za Manhattan ili kuyapasha joto majumba. Bomba likivuja, au maji ya mvua yakilidondokea bomba lenye moto, hewa nyeupe hupenya kwenye vifuniko vya chuma vya mashimo yaliyo katikati ya barabara na kupanda juu. Mgeni huweza kudhani mji unateketea chini kwa chini. Mwenyeji hupita tu bila hata kugeuza shingo. Inasimuliwa kwamba ni mvuke huo waliouona wanamuziki wetu walipotoka studio usiku, na wakaona kuwa jina limepatikana.

Je, kwa nini walikuwa wakitafuta jina? Mtangazaji hakulifikia swali hilo, na humo ndimo hadithi yenyewe ilimo.

Vijana watatu wa mji wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, yaani Paul Leka, Gary DeCarlo na Dale Frashuer, walipiga muziki pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo walitunga wimbo mmoja wa kumshawishi msichana amwache mpenzi wake. Haukwenda popote, wakauweka kando. Miaka ikapita. Leka akawa mtayarishaji wa muziki mjini New York na akashiriki kutunga "Green Tambourine", wimbo wa kundi la Lemon Pipers uliofika kileleni Marekani mwanzoni mwa 1968. Mwaka 1969 akamtafutia rafiki yake DeCarlo nafasi ya kurekodi katika kampuni ya Mercury. DeCarlo akaimba nyimbo kadhaa. Wakubwa wakazipenda, wakasema kila mmoja unastahili kutolewa peke yake.

Hapa sharti nimweleze msomaji kijana jinsi santuri zilivyokuwa zikifanya kazi. Santuri ndogo ilikuwa na nyimbo mbili, mmoja kila upande. Upande wa kwanza ndio uliouzwa. Upande wa pili ulitiwa chochote, alimradi usibaki mtupu. Mtayarishaji mwerevu hakuweka wimbo mzuri upande wa pili, kwa kuwa mtangazaji wa redio angeweza kuigeuza santuri na kuucheza huo badala ya ule uliokusudiwa. Upande wa pili basi ulitakiwa uwe na wimbo hafifu. Hafifu kwa makusudi!

Ndipo Leka na wenzake wakaukumbuka ule wimbo wa ujanani. Wakaingia studio usiku mmoja na kuupika kwa haraka. Hapakuwa na mpiga ngoma. Walichukua sauti ya ngoma iliyokuwa tayari kwenye kanda ya wimbo mwingine wa DeCarlo, wakaiunganisha. Wimbo ulikuwa mfupi, wakaurefusha kwa kiitikio. Kiitikio hakikuwa na maneno, wakakijaza kwa silabi. Wakauvuta hadi ukakaribia dakika nne, urefu ambao redio za wakati huo hazikuupenda, ili kuhakikisha kuwa hakuna mtangazaji atakayeshawishika kuucheza.

Kumbe walikuwa wakijichimbia kisima. Wakubwa wa kampuni waliusikia na kuamua kwamba huu nao utatoka peke yake, tena upande wa kwanza, chini ya Fontana, tawi la kampuni hiyo hiyo. Watungaji wakaingiwa na haya. DeCarlo alikuwa akiandaliwa kuwa mwimbaji wa nyimbo za heshima chini ya jina la Garrett Scott. Hakutaka jina hilo jipya lichafuliwe na mzaha wa usiku mmoja. Pakahitajika jina la kuuvalisha wimbo, jina lisilo la mtu yeyote. Wakaukumbuka mvuke wa barabarani.

Mnamo Desemba 1969 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard kwa majuma mawili.

Kufikia hapo bendi yenyewe haikuwapo. Palikuwa na jina, sauti na santuri. Lakini watu walitaka kuiona Steam jukwaani, na kampuni ilitaka kuuza. Pakaundwa kundi la vijana wengine kuzunguka na kuimba kwa jina hilo. DeCarlo, mwenye sauti ile iliyokuwa ikisikika kila redio, hakuwa miongoni mwao. Nyimbo zake alizozithamini, zile za Garrett Scott, hazikuvuma. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Huku pete ilivikwa kidole cha jirani, tena mchana kweupe.

Sasa niutazame wimbo wenyewe kama mhakiki, maana si haki kumhurumia mwimbaji bila kuipima kazi yake.

Beti zake ni chache na hazina jipya. Mwanamume anamwambia msichana kuwa yule jamaa mwingine hampendi kama yeye anavyompenda, basi na amuage. Ukizipima beti hizo kwa mizani yetu ya vina, taswira na uzito wa kauli, zitashindwa na wimbo wowote wa taarabu uliotungwa na mtunzi wa kadiri. Hata anwani, ukiifasiri, haikusisimui: "Muage kwa busu". Afadhali Kiingereza kinatuambia kwamba anayeagwa ni mwanamume. Kiambishi chetu -m- hakifichui jinsia, kwa hivyo msikilizaji wa tafsiri angebaki akijiuliza ni nani anayeachwa.

Uzuri wa wimbo umo kwenye kile kilichowekwa kwa sababu ya uvivu. Msikilizaji wa Kiswahili ana bahati ya pekee hapa. Silabi na kwake si silabi tupu; ni kiunganishi. Akiisikia ikirudiwa hubaki akisubiri kinachounganishwa. Na nani? Na nini? Wimbo haumjibu. Unamwachia nafasi, naye anaingia humo na furaha yake, hasira yake, au kama yule utingo, na kiganja chake juu ya mlango. Watunzi hawakukusudia hivyo. Walikuwa wameacha pengo ambalo kwa kawaida hujazwa maneno baadaye, na hawakurudi kulijaza. Lau wangejali zaidi wangeliziba kwa mistari mitatu ya kuomboleza mapenzi, na leo hakuna utingo wa Naivasha ambaye angeukumbuka.

Huko Marekani pengo hilo lilijazwa na wapenzi wa michezo. Mwaka 1977 Nancy Faust, mpiga kinanda katika uwanja wa timu ya besiboli ya Chicago White Sox, alikuwa akiupiga mrusha mpira wa timu pinzani alipolemewa na kuondolewa uwanjani. Mashabiki wakaitikia kwa maelfu. Tangu hapo ukawa wimbo wa kumzomea aliyeshindwa. Yule anayeagwa hakuwa tena mshindani wa mapenzi. Alikuwa mshindani wa mchezo. Maneno hayakubadilika hata moja, maana iligeuka kabisa. Wanafunzi wa isimu wanaouliza muktadha ni nini, jibu ni hilo. Mwaka 1983 kundi la Bananarama la Uingereza liliuimba upya, na wimbo ukapata kizazi kingine cha mashabiki ambao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga, ulipotoka mara ya kwanza.

Basi wimbo ni mzuri, na ni mzuri kwa sababu hakuna aliyehangaika kuupamba. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni hitimisho ambalo wengi hulitoa hapo: kwamba kwa kuwa wimbo umekuwa wa watu wote, basi jina la aliyeuimba si muhimu.

Yule kijana wa matatu alilisema waziwazi. Tulipokuwa tukipanda kule Limuru aliniambia, "Lakini mwalimu, hata hizo nyimbo zenu za jadi hazina wenyewe. Nani alitunga zile za harusi? Watu wanaimba tu."

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Nyimbo za jando, za harusi, za kubembeleza watoto na za mavuno hazina sahihi chini yake. Zilipita mdomo hadi mdomo, kila mwimbaji akiongeza na kupunguza, hata ikawa vigumu kusema ni ya nani. Lakini hapakuwa na mtu aliyekaa ofisini akihesabu fedha za wimbo huo huku akijua vyema aliyeuimba. Kusahaulika kwa mtunzi ni kazi ya muda. Kufichwa kwa mtunzi ni kazi ya watu. Tukiyaita mambo haya mawili kwa jina moja tutakuwa tumefanya kosa lile lile la kuita mvuke moshi: yanafanana kwa mbali, lakini katika jambo la pili kuna kitu kinachoungua.

Tena si kweli kwamba utamaduni wetu hauthamini jina la mtunzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wake maarufu mwaka 1858, hakuumaliza hivi hivi. Karibu na mwisho anataja jina lake, anataja Pate alikozaliwa, na anataja mwaka wa Hijria. Alikuwa mgonjwa, na hakuwa na wakili wala mchapishaji. Lakini alijua kwamba kazi itasafiri asikokuwako, kwa hivyo akaifungia jina lake ndani kama mtu anavyomfungia mtoto hirizi. Washairi wa magazeti yetu hufanya hivyo hadi leo katika ubeti wa kaditama. Wapo wanaoona hizo ni mbwembwe. Mimi naziona kama hati ya umiliki.

Wala tusijidanganye kuwa masaibu haya ni ya Wamarekani. Keti katika hoteli yoyote ya ufuoni, kuanzia Diani hadi Watamu, na usubiri bendi ianze kuwatumbuiza wageni. Wataimba "Jambo Bwana", na mgeni atarudi kwao akisimulia kuwa amesikia wimbo wa jadi wa Kiafrika. Si wa jadi. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, nao ukarekodiwa na kundi la Them Mushrooms la Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba kundi hilo lilikuwa la watu halisi, lilipanda jukwaani kwa sura zake, na hata lilipokuja kujiita Uyoga lilikuwa likijitafsiri lenyewe. Ukiuliza, utaelezwa. Kwa Steam, msikilizaji wa 1969 angeuliza angeonyeshwa watu wengine.

Tazama pia Les Wanyika. Wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 walilibeba neno Wanyika kama watu wanavyolibeba jina la ukoo. Wakaongeza Les ya Kifaransa mbele, maisha yakaendelea. Lugha mbili zisizojuana zikaketi kitanda kimoja, na mpenzi wa rumba hajawahi kulalamika. Lakini kila aliyeucheza "Sina Makosa" aliweza kujua gita lile ni la nani na sauti ile ni ya nani. Jina la bendi lilikuwa paa. Wenyewe walikuwa chini yake, wanaonekana.

Hapa naomba nirudi kwenye ule mvuke, maana namna jina lile lilivyopatikana haitushangazi sisi hata kidogo. Sisi ndio wenyewe wa kuita kilichozaliwa kwa kile kilichoonekana saa ya kuzaliwa. Mtoto akija na mvua huko Bungoma huitwa Wafula au Nafula. Akija na mvua ng'ambo ya pili, Siaya, huitwa Okoth au Akoth. Aliyezaliwa usiku ni Otieno. Aliyezaliwa wakati wa njaa ni Wanjala. Pwani kuna akina Juma na Khamisi wa siku, kuna Masika wa majira, na kuna Mashaka na Tabu, ambao majina yao hubeba shida ya wazazi. Watu wanaotoka studio usiku wa manane, wakaona mvuke ukifuka barabarani na kukiita kitoto chao Mvuke, wangeeleweka vizuri sana katika kijiji chochote cha Magharibi.

Ila kuna jambo moja linalozitenga njia zetu. Mzazi anapomwita mwanawe Wafula, anamtia katika ukoo. Jina linasema: huyu ni wetu, tulikuwapo alipokuja, na mvua ilikuwa ikinyesha. Baba hujulikana. Mkunga hujulikana. Steam lilikuwa jina la aina nyingine. Lilitolewa ili baba asijulikane. Kitoto kilizaliwa usiku, wazazi wakakionea haya, wakakipa jina la kitu cha kwanza walichokiona njiani, wakakiacha mlangoni pa watu. Kilipokuja kuwa tajiri, mlango wa kurudi kukidai ulikuwa umeshafungwa, na waliokuwa wakipunga mikono jukwaani ni wengine.

Nasema hivi bila kumtakasa DeCarlo. Ubia katika kosa anao. Alikubali kufichwa kwa sababu aliamini kuwa kazi yake ya thamani ni ile nyingine. Wengi wetu tumewahi kufanya hesabu kama hiyo: tunaitia sahihi kazi tunayodhani itatuletea heshima, na ile tuliyoifanya kwa mkono wa kushoto tunaiacha bila jina. Kisha ulimwengu unachagua ya mkono wa kushoto. DeCarlo alifariki Juni 2017 akiwa na umri wa miaka 75. Leka alikuwa amemtangulia mwaka 2011. Katika miaka yake ya mwisho DeCarlo alikuwa akisimulia kwa yeyote aliyemsikiliza kuwa sauti ile ni yake. Hebu fikiri: viwanja vizima vinaimba pamoja nawe, na bado unahitaji kujitambulisha.

Sheria yetu inalitambua jambo hili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kudai kuwa kazi ni yake, na haki hiyo ni kando na fedha. Unaweza kuiuza nyumba, lakini hakuna anayeweza kuandika kwamba si wewe uliyeijenga. Sheria ni nzuri. Ila sheria huja baada ya tabia, na tabia ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya mabweni, nami ndiye niliyekuwa mhariri wa jarida la shule. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi la tarbia kuhusu mama yake muuza samaki. Lilikuwa na beti saba. Vina vilikuwa vimetulia, na ule ubeti wa nne, ambao mama anarudi jioni na kikapu bado kizito, ulinifanya niweke kalamu nyekundu chini. Niliamua shairi hilo litoke ukurasa wa nyuma kabisa, mahali pa heshima.

Ukurasa ulikuwa mdogo. Beti sita zilienea, ya saba ikakataa. Nikaisoma ya saba: ilikuwa ya kaditama, ametaja jina lake, jina la mama yake na ufuo wanakotoka. Nikajiambia kuwa hiyo haina hoja mpya, nikaikata. Chini ya shairi palikuwa na nafasi ya mstari mmoja mfupi. Nikaandika: Kidato cha Tatu.

Siku ya kutoa zawadi mgeni wa heshima alilisoma shairi hilo mbele ya wazazi. Watu walishangilia. Mkuu wa shule akawaomba wanafunzi wa kidato cha tatu wasimame, na wote wakasimama, zaidi ya themanini, wakapigiwa makofi. Yeye alisimama katikati yao. Mama yake alikuwa ameketi chini ya mwembe na akina mama wengine, akipiga makofi kama wao, bila kujua ni ya nani.

Jioni msichana akaja mlangoni pa chumba cha walimu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwalimu," aliniuliza, "ubeti wangu wa mwisho ulienda wapi?"

Nilimjibu kuhusu ukubwa wa ukurasa. Nilisema ukweli mtupu, na jibu langu halikuwa jibu. Nilikuwa nimeunda bendi ya watu themanini na kuipa jina nililoliona la kwanza. Sikuwa na nia mbaya, kama ambavyo sidhani Leka alikuwa na nia mbaya dhidi ya rafiki yake wa ujanani. Tulikuwa tu na nafasi ya kujaza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeandaa jarida la shule muhula huu, au unayefundisha wimbo wa kutungwa kwa ajili ya tamasha la muziki, nakusihi. Ukurasa ukiwa mdogo, kata ubeti wa pili. Kata utangulizi wa mkuu wa shule. Kata picha ya lango. Ubeti wenye jina uache. Na mtangazaji wetu, ukiucheza tena wimbo ule, sema mvuke, kisha useme aliyeuimba.

Tulipofika Nairobi kijana alikuwa ametoa simu. "Sasa huyo msee mwenyewe aliitwa nani?" aliniuliza.

Nikamtajia herufi kwa herufi, Gary DeCarlo, naye akaandika.